Waya Uliopimwa kwa Sekunde

Juzi mtoto alitazama minara ya umeme inavyoupanda mlima akaniuliza, “Mbona waya zimelegea hivyo? Si wangezikaza tu?” Nikamwambia waya husinyaa kwenye baridi, na ukiukaza mno mchana wa jua, usiku utaivuta minara. Jibu ni la kweli, ila tangu hapo nimekuwa nikiiwaza asubuhi ile ya ukungu tulipokuwa tunakaza fezi ya kati, yaani waya wa katikati kati ya zile tatu zinazobeba umeme.

Wakati huo minara mipya ilishasimama na vikombe vya kuutenga waya na chuma cha mnara vilishaning'inizwa. Njia ya zamani ya umeme, tuliyokuwa tunaibadilisha, ilikuwa imechoka mahali pasipoonekana. Kwa nje nyuzi zake za alumini zilikuwa zimefifia tu. Tulipoukata waya karibu na kibano ndipo tukauona moyo wake wa chuma: zinki imekwisha, kutu nyekundu imeingia, unga mweupe wa alumini umejaa katikati ya nyuzi. Ndani ya kibano chenyewe nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika, kazi ya upepo mwepesi unaoutetemesha waya mwaka hadi mwaka mahali pale pale. Waya wa hivyo hauaminiki na mzigo, kwani viungo vyake vinaweza kuachia vikipinda juu ya kapi. Kwa hiyo tuliutumia kuvuta kamba nyepesi tu. Kamba ikavuta kamba ya chuma, na hiyo ndiyo iliyouvuta waya mpya, huku mashine ya breki upande wa pili ikiuzuia usiburuzwe kwenye miamba.

Waya ukalala kwenye kapi, ukisubiri kukazwa. Hapo haufai kuachwa. Ukikaa siku nyingi hurefuka polepole kwa mvuto wake wenyewe, na majedwali ya mlegeo, yanayosema waya ushuke kiasi gani kwa kila joto, hayalingani nao tena.

Nafasi tuliyopangiwa kupimia, kutoka mnara hadi mnara, ilikuwa ya mita 400. Waya wenye uzito wa kilo 1.5 kwa mita, ukivutwa kwa nguvu ya tani 2.5 hivi, hulegea mita 12 katikati ya nafasi kama hiyo, na mita 12 ndizo zilizotakiwa kwa joto la waya la asubuhi ile. Nasema joto la waya, si la hewa. Kipimajoto kilichomekwa ndani ya kipande cha waya wa aina ile ile kilichotolewa moyo wa chuma, kikaning'inizwa juu mnarani tangu alfajiri. Uangalifu huo si wa bure: nyuzijoto 10 zinabadilisha mlegeo kwa karibu sentimita 40.

Kwa kawaida unafunga ubao kwenye kila mnara, mita 12 chini ya kapi, unachungulia kwa darubini kutoka ubao huu hadi ule, na winchi inavuta mpaka tumbo la waya liguse mstari wa macho. Lakini ukungu ulikuwa umeumeza mnara wa pili. Msimamizi alisubiri, akaangalia juu, akasema tutapima kwa wimbi.

Amri ikatoka redioni: winchi isimame, na yeyote aliye juu ya mnara wowote wa sehemu ile aondoe mkono kwenye waya. Pande zote mbili waya ulikuwa umeunganishwa na ardhi, maana njia nyingine yenye umeme ilipita jirani, na waya mrefu ulio sambamba na umeme hupata umeme wake hata kama haujaguswa. Kamba nyembamba, kavu, ikarushwa juu ya waya mita moja hivi kutoka kwenye kapi. Saa nilishika mimi. Fundi akaikaza kamba, akahesabu, akaivuta kwa ghafla, nami nikabonyeza.

Jicho halioni kitu. Wimbi limeondoka, limeingia ukunguni, linakwenda kugonga kapi ya mnara tusiouona, lirudi. Kidole kiko kwenye kamba, na sekunde sita zinakuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Kisha kamba inadunda kidoleni. “Moja.” Ule mdundo wa mkono wa fundi ni sifuri, anayeuhesabu kuwa moja husimamisha saa mapema, akaamini waya umekazwa kupita kiasi, akaulegeza. “Mbili,” dhaifu zaidi. Wa tatu ulikuja kwa mbali sana, nikabonyeza. Sekunde 18.8.

Gawanya kwa 3, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 0.3065: mita 12.04. Hesabu hii haiulizi urefu wa nafasi wala uzito wa waya, kwa sababu vyote vimo tayari ndani ya safari ya wimbi. Bado naiona kuwa nzuri sana. Tulirudia, tukapata 18.9. Mara nyingine upepo ulipita na mdundo wa tatu ukapotea katika mitikisiko mingine, tukaliacha pigo lile.

Ukungu ulipofunguka, darubini ikaonyesha waya uko sentimita 15 juu ya mstari. Jua nalo lilikuwa limeanza kuupasha waya, kwa hiyo ungetarajiwa kuwa chini, si juu. Kidole kikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, sentimita 13 zinakwenda. Ubao nao ukifungwa vibaya, darubini hudanganya. Tena mlimani waya ulio kwenye kapi hutiririka kuelekea chini: nafasi za juu hukaza, za chini hulegea, na mikufu ya vikombe huegemea upande wa mlima hadi vibano vifungwe kwa kusogezwa sentimita zilizokokotolewa kwa kila mnara.

Nilitaka tupime nafasi nyingine, ya chini zaidi, kwa njia zote mbili. Msimamizi alisema tofauti iko ndani ya kiwango, waya unaendelea kurefuka, na upepo wa mchana ungewakuta mafundi wananing'inia. Vibano vikafungwa adhuhuri. Sababu zake zilikuwa nzito, nazikubali hadi leo, na hadi leo ningependa tungeipima ile nafasi ya chini.