Ziada ya Biashara ya China Inaanzia Nyumbani Kwake

Mwaka 2024 thamani ya bidhaa ambazo China iliuza nje ilizidi thamani ya zile ilizoagiza kwa karibu dola trilioni moja. Mwaka huohuo Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme yanayotoka China, na Umoja wa Ulaya nao ukaweka ushuru wa nyongeza mwezi Oktoba. Mjadala wa nje huzunguka ruzuku na bei za viwandani. Mimi naamini kwamba chanzo cha ugomvi huu kiko ndani zaidi, katika namna Beijing inavyogawana mapato na serikali zilizo chini yake, na katika kiasi kidogo kinachobaki mikononi mwa kaya.

Mwaka 1993 serikali kuu ilikuwa ikipata takriban asilimia 22 tu ya mapato yote ya serikali nchini. Zhu Rongji, aliyekuwa naibu waziri mkuu, alizunguka majimboni kujadiliana na viongozi wasiotaka mabadiliko, na mfumo mpya ulipoanza mwaka 1994, Beijing ilichukua asilimia 75 ya kodi ya ongezeko la thamani, hata sehemu yake ya mapato yote ikavuka nusu ndani ya mwaka mmoja. Majukumu hayakuhama pamoja na fedha: shule, hospitali na sehemu kubwa ya huduma za jamii zilibaki kuwa mzigo wa majimbo, miji na wilaya. Kwa kuwa ardhi ya mjini ni mali ya taifa, serikali za miji zilitwaa mashamba ya vijiji vya pembezoni kwa fidia ndogo, kisha zikawauzia wajenzi haki ya kuitumia ardhi hiyo, kwa muda wa miaka 70 ikiwa ni ya nyumba za kuishi. Mwaka 2021 mauzo hayo yaliingiza yuan trilioni 8.7. Kiongozi wa mji aliyepimwa kwa kasi ya ukuaji hakuwa na sababu ya kujiuliza kama wakazi wake wana fedha za kutumia. Alihitaji barabara, viwanda na majengo.

Wakazi wenyewe wamegawanywa na hukou, usajili wa makazi uliowekewa sheria mwaka 1958. Wafanyakazi wahamiaji wapatao milioni 300 wana usajili wa vijijini, na wengi wao hawapati kikamilifu shule, matibabu na pensheni za miji wanayoijenga. Wapo wanaodai kwamba Wachina huweka akiba kwa sababu ya utamaduni. Siikubali hoja hiyo. Mtu anayejua kwamba ugonjwa mmoja unaweza kumaliza jasho la miaka kumi ataweka akiba popote alipozaliwa, na ndiyo maana matumizi ya kaya nchini humo ni takriban asilimia 40 tu ya pato la taifa. Tena mfanyakazi wa China hana chama huru cha kumdaia mshahara bora, kwa kuwa vyama vyote vya wafanyakazi lazima viwe chini ya shirikisho linaloongozwa na Chama cha Kikomunisti.

Tatizo hili lilijulikana mapema. Wen Jiabao, akiwa waziri mkuu, alionya hadharani mwaka 2007 kwamba ukuaji wa uchumi wa China haukuwa na uwiano wala uendelevu. Chini ya Xi Jinping, hata hivyo, maana ya usalama wa taifa imepanuliwa hadi kuingiza uchumi, chakula na teknolojia, na fedha zimefuata maana hiyo kuelekea viwanda vya kimkakati. Yeye mwenyewe aliandika mwaka 2021 akitahadharisha dhidi ya misaada ya kijamii inayolea uvivu.

Kisha soko la nyumba likaanguka. Serikali ilibana mikopo ya wajenzi kuanzia Agosti 2020, Evergrande, kampuni kubwa ya ujenzi wa nyumba yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ikashindwa kulipa mwaka 2021, na mapato ya ardhi yakashuka hadi karibu yuan trilioni 4.9 mwaka 2024. Familia zilizokuwa zimeweka sehemu kubwa ya mali yao katika nyumba zilizidi kubana matumizi, huku mikopo mingi ya benki ikigeukia viwanda. Bidhaa zilizokosa wanunuzi nyumbani zikapakiwa melini.

Novemba 2024 Beijing iliidhinisha mpango wa yuan trilioni 10 wa kupunguza madeni yaliyofichwa ya serikali za chini, yaani yale yaliyokopwa nje ya bajeti rasmi. Mapema mwaka huohuo ilikuwa imepandisha kiwango cha chini cha pensheni ya msingi ya wazee wa vijijini kutoka yuan 103 hadi 123 kwa mwezi. Wengi wa wazee hao ndio wazazi wa wafanyakazi wanaounda magari ya umeme ambayo Marekani na Ulaya zinayawekea ushuru, na mtoto anayetuma fedha kijijini kila mwezi ili kuziba pengo la pensheni hiyo hawezi kulinunua gari analoliunda.