Doa jeupe kwenye mlango wa kizazi

Akina mama wa Mwanjelwa, Uyole mpaka Tukuyu, mkoani Mbeya, mkienda kupima saratani ya mlango wa kizazi, hiyo dakika moja ya kusubiri msiione ndefu. Mtoa huduma anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 (siyo siki ya kachumbari ya kujipaka nyumbani, tafadhali), kisha anasubiri dakika nzima. Akiharakisha, doa huwa bado halijajitokeza, na mama anarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama.

Doa linatoka wapi? Kirusi cha HPV, chanzo kikuu cha saratani hii, hasa aina ya 16 na 18, hutengeneza protini mbili ndani ya seli, E6 na E7. E6 huiharibu p53, ile protini ya mwili inayoamuru seli mbovu ijiue. E7 huifunga Rb, protini nyingine ambayo ni breki ya seli kugawanyika. Seli zinajazana, viini vyake vinakuwa vikubwa na vimejaa protini, na asidi ikizigusa zinageuka nyeupe kwa muda.

Hapo bado ziko juu ya utando wa chini, ule mwembamba unaozitenga na nyama ya ndani, na kuzigandisha kunatosha mara nyingi: dakika 3 za baridi, 5 za kuyeyuka, 3 tena. Gesi ya kugandishia ikiwa dhaifu, barafu haifiki kingo za doa na seli zinabaki.

Zikiachwa miaka, baadhi hupoteza E-kadherini, gundi inayozishikanisha. Hutoa vimeng'enya vinavyokata utando, huingia kwenye mishipa ya limfu na kutua kwenye tezi za nyonga. Kugandisha hakusaidii tena. Mama mwenye VVU huweza kufika huko mapema zaidi, kwa hiyo asingoje damu ianze kutoka.