Fuata Povu

Leo asubuhi, ukingoni mwa Mto Gura, mpwa wangu alitaka turushe ndoano mara moja. "Mjomba, si tuanzie pale katikati, penye maji mengi?" Nikamwambia atulie kwanza, aangalie povu linakopita.

Gura hushuka kutoka milima ya Aberdare, nchini Kenya, kwa kasi ya kutisha, na asiyeuzoea huona maji meupe tu. Lakini trauti, samaki tuliyemfuata, hawezi kushindana na mkondo ule kutwa nzima, nguvu zingemwishia kabla hajashiba. Kwenye maji yaliyolala nako chakula hakimfikii. Kwa hiyo hukaa mpakani: mwili kwenye maji ya polepole, mdomo jirani na yale ya kasi. Kichwa hukielekeza mto unakotoka, kama mtu aliyekaa kibarazani akimngoja mchuuzi apite. Mdudu akitokea, anachomoka, anamnyakua, anarudi palepale.

Mpaka huo huonyeshwa na povu, kwa sababu mkondo unaobeba povu ndio unaobeba wadudu walioanguka majini. Penye mstari mwembamba wa povu ndipo mezani pa samaki.

Palikuwa na jiwe jeusi, nusu limezama. Wengi hutazama nyuma ya jiwe tu, lakini hata mbele yake maji hugonga, yakarudi nyuma kidogo, yakaacha nafasi tulivu ya kumtosha samaki mmoja. Tulichuchumaa tukikodoa macho. Mpwa wangu ndiye aliyemwona: kwanza kivuli juu ya changarawe, halafu mkia ukiyumba taratibu, halafu weupe wa mdomo ukifunguka na kufumba. Nilifurahi kuliko kama ningemwona mimi.

Tukazunguka kwa upande wa chini, nyuma yake, tukiinama. Nzi wa bandia, chambo chetu, alitua majini juu kidogo ya jiwe, akateremka na povu, na mshipi ukakaza. Alikuwa trauti wa kahawia, mwenye madoa mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe. Ukoo wake ni wa kigeni. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye aliyeleta trauti katika mto huu mwaka 1905. Tulilowesha mikono kabla ya kumgusa, ili utando wa ngozi yake usibanduke, tukamrudisha.

Kilichonihuzunisha ni ukingo wa upande wa pili. Maji yalikuwa yameuchimba chini ya mizizi, pakawa na kivuli na kina, mahali pazuri mno pa samaki mkubwa. Leo mizizi inaning'inia hewani na chini yake ni tope lililopasuka. Maji yakipungua, samaki hukosa pa kujificha hata kama mto bado unatiririka.

Masika yakiisha tutarudi. Mafuriko huhamisha mawe na kuchimba kingo mpya, kwa hiyo itabidi tuusome mto wote upya, kuanzia darajani.