Nilivyosoma magazeti ya Kijapani kabla ya kumaliza kanji

Karibu kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: maliza kwanza kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, 2,136 za orodha rasmi ya serikali, ndipo ufungue gazeti. Niliufuata kwa miezi mingi na haukunifikisha popote. Kila kanji niliijua peke yake, na gazeti likabaki limefungwa. Siku nilipoanza kusoma kweli, kanji zangu hazikufika 700. Kilichonifungulia mlango ni mambo mawili ambayo darasani hayakutajwa kabisa: jinsi ukurasa ulivyopangwa, na jinsi kichwa cha habari kinavyosema.

Tuanze na karatasi. Gazeti la Kijapani hufunguliwa kama msahafu, mgongo ukiwa kulia. Mistari inashuka wima, wa kwanza uko kulia, unaofuata kushoto kwake. Hapo mtu hudhani ameshaelewa. Lakini ukurasa umekatwa tena kwa ngazi za mlalo zinazoitwa dan. Kwa miaka mingi zilikuwa 15. Magazeti makubwa yalipokuza herufi, yakapunguza hadi 12. Ndani ya dan moja mstari una herufi kumi na kitu tu. Unashuka mstari, unahamia kushoto, unashuka mwingine, mpaka habari igonge picha au mstari wa mpaka. Kisha unateremka kwenye dan ya chini na kuanza tena kulia.

Kulia ya wapi? Hapo ndipo nilipopotea majuma mawili mazima. Nilikuwa narudi kulia kabisa mwa ukurasa, kumbe unarudi kulia mwa habari ileile, chini ya kichwa chake. Naanza na bajeti, nikishuka dan moja nimo kwenye ajali ya barabarani, na kwa kuwa kanji nyingi sikuzijua, nilidhani tatizo ni kanji. Kwa hiyo nikarudi kukariri zaidi, dawa isiyo ya ugonjwa ule.

Dawa yenyewe ni hii. Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno, na gazeti halisiti kulikata neno katikati. Angalia herufi ya mwisho ya dan. Ikiwa ni 首 na habari inamhusu waziri mkuu, herufi ya kwanza ya dan inayofuata lazima iwe 相, maana 首相, shusho, ndilo neno. Usipoikuta, umeingia habari ya watu wengine. Rudi utafute 相. Nilitembea na penseli nikiunganisha ncha hizo kwa mstari mwembamba, na baada ya magazeti kama kumi hivi jicho likazoea. Anayeanza achague habari zilizozungushiwa fremu, kakomi, kwa sababu humo hakuna pa kupotelea.

Sasa vichwa vya habari. Kichwa cha habari cha Kijapani kina sarufi yake, na sarufi hiyo ni fupi kuliko ya darasani. Viunganishi vinaondolewa, vitenzi vinakatwa, nchi inabaki herufi moja: 日 Japani, 米 Marekani, 中 China, 韓 Korea Kusini, 英 Uingereza, 仏 Ufaransa, 独 Ujerumani, 印 India, 豪 Australia. Ukishika hizo na herufi ndogo mbili za mwisho, へ na か, umeshapata nusu ya kila kichwa. か mwishoni maana yake "huenda". へ, inayotamkwa e, maana yake jambo linaelekea huko lakini bado halijawa.

Hiyo へ iliniponza. Agosti 28, 2020, waziri mkuu Abe Shinzo alipotangaza kuwa atajiuzulu kwa sababu ya ugonjwa, niliona 辞任, jinin, yaani kujiuzulu, nikawaandikia wenzangu nyumbani kwamba Japani haina waziri mkuu. Wakaniuliza mbona bado anaonekana ofisini. Aliondoka madarakani Septemba 16. 辞任へ ni "anaelekea kujiuzulu". 辞任表明 ni "ametangaza kuwa atajiuzulu". 辞任 tupu ni jambo lililokwisha kuwa. Tofauti ya majuma karibu matatu imebebwa na herufi moja.

Lingine ni 米. Herufi hii ni Marekani, na ni mchele pia. Bei ya mchele ilipopanda kwa kasi Japani, mfuko wa kilo 5 ukavuka wastani wa yen 4,000 masika ya 2025, niliona 米価高騰 nikasoma "bei za Marekani zapanda", nikashangaa kwa nini habari yote inazungumzia wakulima wa Niigata, mkoa wa Japani. 米価 husomwa beika, na ni bei ya mchele. Kwa Mswahili neno hili ni zawadi, maana "bei" imo ndani yake waziwazi, na tangu siku ile sijalisahau. Ukiona コメ kwa katakana, yaani herufi za Kijapani za silabi, hapo hakuna shaka kabisa, ni mchele: magazeti huliandika hivyo mara nyingi, na Marekani haiwezi kuchanganywa nalo. Mtego wa aina hiyohiyo uko kwenye 独. Kwenye mtandao ukikuta 【独自】 mwanzoni mwa kichwa, Ujerumani haimo. Gazeti linajitangaza kwamba habari hiyo limeipata lenyewe kabla ya wenzake.

Ndani ya habari, tazama mwisho wa sentensi kabla ya kitu kingine. とみられる ni "inaonekana kuwa". 検討 ni "wanalifikiria", na linaweza kufikiriwa mpaka likafa. 方針を固めた ndilo la kulipa uzito: uamuzi umeshafikiwa ndani, ila haujatangazwa, na mwandishi ameambiwa na mtu aliye karibu. Kwa habari za polisi, neno linalofuata jina la mtu linakuonyesha kesi imefika wapi. 容疑者, yogisha, ni mshukiwa. 被告, hikoku, ameshafikishwa mahakamani. Ukiyachanganya umemhukumu mtu.

Tarakimu nazo zinataka utaratibu. Wajapani hupanga sufuri nne nne, sisi tatu tatu. 万, man, weka sufuri nne. 億, oku, sufuri nane. 兆, cho, sufuri kumi na mbili. Basi 250万 ni milioni mbili na nusu, na 12億 ni bilioni 1.2, wala si milioni 12 kama nilivyoandika kwenye daftari langu mara mbili. Bajeti ya awali ya serikali iliyovuka cho 100 kwa mara ya kwanza mwaka wa fedha wa 2019 ni yen trilioni 100. Miaka ya enzi za wafalme wa Japani, inayokuja hasa panaponukuliwa nyaraka za serikali, ni kujumlisha tu upate mwaka wetu: Reiwa ongeza 2018, Heisei 1988, Showa 1925.

Mbinu ninayoiringia zaidi ni ya Kiswahili. NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ina idhaa ya Kiswahili chini ya NHK WORLD-JAPAN. Asubuhi nasoma habari kwa Kiswahili, naandika pembeni majina na tarakimu tu, kisha naitafuta habari ileile kwa Kijapani. Tarakimu hazitafsiriwi, ukizikuta, umeshajua uko wapi kwenye habari, na maneno yanayozizunguka yanajifungua yenyewe. Angalizo moja kwa tetemeko la ardhi. Lile la rasi ya Noto, Januari 1, 2024, lilikuwa la kipimo cha 7.6, lakini vichwa vya Kijapani viliandika 震度7. Shindo, kipimo cha Kijapani cha mtikisiko mahali ulipo, ni kitu tofauti na ukubwa wa tetemeko lenyewe. Mwisho wake ni 7, na daraja za 5 na 6 zimegawanywa mara mbili kila moja, dhaifu na kali. Nilipoteza jioni nzima nikidhani gazeti limekosea.

Baada ya hapo nilichukua habari moja na kuisoma kwenye magazeti matatu: Yomiuri, Asahi na Nikkei. Waandishi wa Japani hukaa kwenye vyama vya waandishi, viitwavyo kwa Kijapani "kisha kurabu", ndani ya wizara, polisi na ofisi za mikoa, na hupewa maelezo kwa pamoja, hivyo aya za kwanza zinafanana mno. Watu hulalamikia jambo hili, na wana haki, lakini kwa mwanafunzi ni neema: maneno yanayojirudia katika yote matatu ndiyo ya kukariri, yaliyobaki yaache. Zinapotofautiana ni kwenye tahariri, shasetsu, ambako Yomiuri na Sankei huvuta upande wa kihafidhina, Asahi na Mainichi upande mwingine. Kuhusu kambi za kijeshi za Marekani mkoani Okinawa usiishie kwenye magazeti ya Tokyo. Soma magazeti ya hukohuko, Ryukyu Shimpo au Okinawa Times, utadhani ni nchi nyingine.

Gharama? Kuletewa nyumbani toleo la asubuhi na la jioni ni yen elfu tano hivi kwa mwezi, nakala moja dukani mia mbili hivi. Mimi nilitumia maktaba ya mji, bure, isipokuwa Jumatatu ambayo nyingi hufunga. Kwenye mtandao, 有料記事 maana yake habari ya kulipia, na 残り ikifuatiwa na namba ndiyo idadi ya herufi ulizofichwa. Usikate tamaa ukiiona, maana aya ya wazi kwa kawaida ina nani, lini, wapi na nini.

Ukiwa na karatasi mkononi, angalia juu kabisa ya ukurasa kwenye namba yenye 版, han, yaani toleo la uchapaji. Kubwa zaidi ndiyo ya mwisho. Toleo la asubuhi la 14版 limechapwa usiku wa manane kwa wakazi wa jijini. 12 au 13 limeondoka mapema kwenda mbali, na mechi iliyochelewa kwisha haimo. Nilikuwa nikibishana na mwenzangu wa mkoani kuhusu kichwa cha ukurasa wa mbele wa gazeti moja la siku moja. Sote tulikuwa sahihi.

Siku hizi nashughulika na Tensei Jingo, safu iliyo chini ya ukurasa wa mbele wa Asahi. Ni herufi kama 600, na aya hazikatwi, zinatenganishwa kwa ▼. Nainakili kwa mkono, dakika arobaini, wakati mwingine saa. ▼ ya kwanza hadi ya tatu napita bila kamusi. Ya nne, ambapo mwandishi huanza kunukuu ushairi wa kale, bado nafungua.