Diski ya nakala iliyogoma kujipachika

Kompyuta yangu ya Linux ina diski mbili: moja ya mfumo, nyingine ya nakala rudufu. Hii ya pili nilitaka ijipachike (ijimaunti, kama wengi tusemavyo), yaani ijiunganishe na folda ili mafaili yake yafunguke, yenyewe kila ninapowasha mashine, kwa hiyo nikaongeza mstari kwenye faili la /etc/fstab, lenye orodha ya diski za kupachikwa, ulioanza na /dev/sdb1, jina ambalo mfumo uliipa diski hiyo. Ilikwenda vizuri kwa miezi.

Asubuhi moja nikawasha, nikakuta skrini nyeusi inadai nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Hali ya dharura. Nikadhani diski imekufa, lakini amri ya `lsblk -f`, inayoorodhesha diski, iliionyesha nzima kabisa, ila sasa inaitwa sdc. Kumbe nilisahau flashi kwenye tundu la USB, nayo ikawahi jina la sdb. Mfumo ulijaribu kuipachika flashi kama ext4 (muundo wa mafaili wa diski yangu), ukashindwa, ukasimama hapo hapo. Majina hayo hugawiwa kadiri vifaa vinavyogunduliwa, si mali ya mtu.

Nikainakili UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho isiyobadilika kila mashine inapowaka, kutoka `lsblk -f`, nikaandika upya:

UUID=(namba yake) /mnt/nakala ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Hiyo `nofail` huiruhusu kompyuta kuwaka hata diski ikikosekana, na sekunde 10 za kuisubiri zinachukua nafasi ya zile 90 za kawaida. Kabla ya kuzima mashine nilipitisha `findmnt --verify` kukagua faili hilo, kisha `systemctl daemon-reload` na `mount -a` kulisoma upya na kupachika kilichomo. Kosa la fstab ni afadhali likuumbue ukiwa bado ndani.

Nikajiona fundi. Lo!

Wiki chache baadaye diski ya mfumo ikajaa pomoni. `df -h`, inayopima nafasi ya diski, inasema 100%, nami nikitafuta kwa `du`, inayopima ukubwa wa folda, sioni faili lolote la ukubwa huo. Ilinichukua jioni nzima. Waya wa SATA, unaoiunganisha diski ya nakala na kompyuta, ulikuwa umelegea siku kadhaa, kompyuta ikawa inawaka bila kulalamika, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeiambia isilalamike, na rsync, programu ya kunakili inayoendeshwa na skripti yangu ya nakala, ikawa inamimina nakala ndani ya folda tupu ya /mnt/nakala, yaani juu ya diski ya mfumo. Waya uliposhika tena, diski ikapachikwa juu ya folda ile na kuufunika mzigo wote. Niliuona baada ya kuipachika / mahali pengine kwa `mount --bind / /mnt/tazama`. Nikafuta kupitia huko.

Kisha nikaishusha diski (nikaibandua kwenye folda), nikaifunga folda tupu kwa `chattr +i /mnt/nakala` ili hata root asiweze kuandika humo, na mwanzoni mwa skripti nikaweka `mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`, isimame kama diski haijapachikwa.

Juzi skripti ikagoma. Sikutafuta mchawi, nilifungua kasha moja kwa moja nikabadilisha waya.