Mti Mweusi wa Carron

Juzi mwanangu alikuwa anaperuzi picha kwenye simu yangu, akafika kwenye moja akaganda. "Mama, huu mti uliungua?"

Nikamwambia haukuungua, umelewa. Akacheka, akaendelea na mengine. Mimi nikabaki na picha.

Ni Speyside Way hiyo, mwaka ule wifi alipokuja Aberdeen, Uskoti. Njia ya waenda kwa miguu inayoufuata mto Spey kutoka pwani kule Buckie, ikipanda bara. Wifi mwenyewe ndiye aliyeitaka, alisikia kuna samoni wanaoruka. Habari ya viwanda vya wiski niliinyamazia kwa makusudi. Mnaomjua wifi mnajua kwa nini: mlokole asiyetania, hata sharubati iliyolala haigusi.

Fochabers tulipita na mvua. Craigellachie akalipenda daraja la chuma la Thomas Telford, la 1814. Aberlour tukanunua biskuti. Kuanzia Craigellachie njia inashika tuta la reli ya zamani, iliyofunguliwa 1863 na kuacha kubeba abiria 1965, kwa hiyo ni tambarare. Magoti ya wifi yalishukuru.

Tulipokaribia Carron, harufu ikatupokea. Wifi akasimama, akanusa. "Wifi, huku nako wanapika mbege?"

Alikuwa hajakosea sana. Kilikuwa kimea, kama cha mbege, pombe yetu ya Uchagani, ila cha shayiri badala ya ulezi, kikipikwa kwenye kiwanda cha wiski cha Dailuaine. Ndipo tukaiona miti. Mashina meusi tii, kuanzia mizizi hadi matawi, nguzo za uzio nyeusi, ukuta wa ghala mweusi. Wifi akapitisha kidole kwenye gome. Kikatoka na weusi mlaini. Akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakinusa, akakifuta kwenye kitenge chake, na doa lile halikutoka safari nzima.

Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akatuona tunavyoshangaa. Akatueleza kwamba wiski hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, kisheria isipungue miaka 3, na nyingi hulala hata zaidi ya 10. Kila mwaka kama asilimia 2 hupenya kwenye mbao na kupaa. Huo mvuke ndio chakula cha kuvu hiyo nyeusi. "Inayopaa ni fungu la malaika," akasema, kama mtu anayetaja kodi ya serikali.

"Amesema malaika?" wifi akaniuliza.

"Amesema malaika."

"Na hii hewa tunayovuta?"

Nikamtafsiria mzee. Akamtazama wifi kwa heshima zote, akatazama upepo unakotoka, akakadiria kuwa mama huyu ameshapata kijiko kimoja hivi. Wifi akaziba pua na ncha ya kitenge. Akaenda hatua chache, pumzi zikambana, akaachia.

Mimi nilikuwa nawaza Marangu, ukweni. Kule kata ya kwanza ya mbege humwagwa chini, ya wazee waliotangulia, na wifi amepigana na jambo hilo miaka yote. "Mnanywesha udongo!" husema, akasimama katikati ya ua. Nilitaka kumwuliza tofauti ya kuwamwagia wa chini na kuwaachia wa juu. Nikaona njia bado ni ndefu, na chumba cha kulala tunashea.

Ballindalloch, Cromdale, Grantown, misitu ya misonobari, Aviemore, basi la kurudi. Samoni aliruka mmoja tu, wifi akiwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Desemba iliyopita, baba mdogo alipomwaga kata ya kwanza, nilimwangalia wifi. Hakukemea. Labda ni Carron. Labda ni magoti, maana kukemea kwake ni lazima asimame.