Kilima Kilichoyeyuka

Kilima cha kwanza nilichokijenga maishani mwangu kiliyeyuka nikikitazama, mwishoni mwa Septemba 2023, kwenye roshani ya nyumba ya dada yangu huko Nagoya. Nilikuwa nimekipulizia rangi ya kopo, ya kahawia. Kwa sekunde chache kilitulia. Halafu nikasikia sauti nyembamba kama ya dagaa wanaoanza kukaangika, na ule mgongo niliouchonga kwa siku nne ukaanza kuzama. Vishimo vikafunguka, vikaungana, vikawa mapango. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka 12, alikuwa amenishikia taa. Hakusema neno mpaka sauti ilipokoma.

"Mjomba," akaniambia, "Matsuo imekufa."

Matsuo ni mlima wa kweli. Uko Sekigahara, mkoa wa Gifu, magharibi ya Nagoya, na kilele chake kina mita 293. Tarehe 21 Oktoba 1600, juu ya mlima huo aliketi Kobayakawa Hideaki, kijana wa miaka 18 hivi, na maelfu ya askari wake, akilitazama bonde ambalo majeshi mawili yalikuwa yanagombea Japani nzima. Upande wa mashariki Tokugawa Ieyasu, upande wa magharibi Ishida Mitsunari. Hideaki alihesabiwa kuwa wa magharibi. Alipoteremka aliwapiga wa magharibi wenzake, na siku ikawa ya Ieyasu. Ukoo wa Tokugawa ukaitawala nchi zaidi ya miaka 250.

Hayo yote niliyajua kwa shemeji. Shemeji yangu Mjapani anacheza vita vya mezani tangu ujana wake. Ana samurai wa plastiki kwenye madroo, kila mmoja mfupi kuliko kidole gumba changu, na kila mmoja kampaka rangi kwa mkono: kamba za deraya, ncha za mikuki, bendera mgongoni yenye alama ya ukoo upana wa punje ya mchele. Mwaka huo tarehe 21 Oktoba iliangukia Jumamosi. Akaamua kuwaita rafiki zake wawili waicheze Sekigahara siku ileile. Askari wapo, kanuni zipo, ardhi hakuna. Akanigeukia mimi, niliyekuwa mwaka wa pili wa masomo ya uhandisi wa ujenzi na kila wikendi nakula kwao.

"Wewe ndiye mhandisi," alisema. "Milima yako."

Nikakubali pale pale. Mimi ni mtu wa Mombasa. Mlima niliokua nikiujua ni ule mwinuko wa Mazeras ambao malori huupanda yakilia. Lakini hesabu naijua, na hesabu za kazi hii zilinipendeza tangu mwanzo. Ubao mmoja wa povu gumu la kuzuia baridi kwenye nyumba, lile la samawati linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, una sentimita 91 kwa 182, karibu sawa na mkeka mmoja wa tatami. Ukiamua kipimo cha 1 kwa 4,000, ubao huo unabeba kilomita saba na ushei kwa tatu na nusu. Na uwanja wa Sekigahara, kuanzia mlima Nangu mashariki hadi Matsuo kusini-magharibi na kilima cha Sasao kaskazini, unaingia humo humo kama mkono kwenye glavu iliyoshonwa kwa ajili yake. Sentimita moja ya kimo ni mita 40. Ramani ya serikali ya 1 kwa 25,000 ina mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu za kimo kimoja, kila mita 10, kwa hiyo kila mstari wa nne ni tabaka langu moja la povu.

Uwanda uko mita mia na thelathini hivi juu ya bahari. Kwa hiyo Matsuo ilitakiwa matabaka manne tu. Sentimita nne! Nikaweka kisanduku cha kiberiti juu ya meza, nikakitazama, moyo ukakataa. Mlima ulioamua hatima ya nchi uwe kimo cha kisanduku cha kiberiti kilichosimamishwa? Nikaupandisha mara tatu. Matabaka 12, kingo nimezikata kwa waya wa moto ule unaopita kwenye povu kama kisu kwenye siagi, kilele kimechongoka. Ulipendeza. Mpwa wangu aliuzunguka akisema "uu!" kila upande. Kasoro ikawa moja tu, nayo tuliiona tulipowapandisha samurai kwa majaribio: kila aliyewekwa ubavuni aliteleza mpaka bondeni. Nikasema tutaweka mchanga, watashika. Kesho yake ndipo nikatoa kopo la rangi.

Anayefanya kazi hizi ajue nilichokijifunza usiku ule. Viyeyusho vilivyomo katika makopo mengi ya kupulizia hula povu la aina hii, na gundi kali za viatu ni vilevile. Povu linataka rangi ya maji kwa brashi, na gundi nyeupe ya maseremala. Kama lazima upulizie, kwanza livike ngozi: gundi, karatasi, mchanga, lisibaki doa lililo wazi. Niliyajua haya kikemia. Polistireni, ambayo ndiyo povu hilo, na viyeyusho nimefundishwa darasani, nikafaulu mtihani. Mkono wangu ndio ulikuwa haujui.

Shemeji alipouona mzoga hakukasirika. Aliupima kwa kidole, akasema, "Hata hivyo Matsuo haiko hivi." Kisha akaniuliza kama nimewahi kwenda. Sikuwa nimekwenda, ilhali treni ya kawaida ukibadilisha Ogaki ni mwendo wa saa moja tu.

Jumapili tukaenda watatu. Dada alitufungia maboksi ya chakula: wali, mayai ya kukunja, na kachumbari yenye pilipili ambayo mwanawe huila huku machozi yakimtoka. Tulianza Sasao, alikokaa Mitsunari, ambako wamesimamisha upya uzio wa mianzi kama wa siku ile. Nilikitarajia kilima. Ni kijiinuko cha kupanda kwa dakika chache, unafika juu hata hujahema. Nikasimama kwa aibu kidogo nikikumbuka nilivyokichora.

Kisha tukavuka bonde kwa miguu, tukapita barabara kuu ya magari, tukaipanda Matsuo. Njia ina mizizi, udongo mwekundu kidogo, kivuli kizito cha miti iliyosimama wima kama nguzo. Shemeji alinizuia nisiikariri ile misitu: mierezi na miberoshi hii iliyopandwa kwa safu, alisema, mingi ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Zamani vilima vilivyo karibu na vijiji vilikatwa kuni na nyasi, vilikuwa na misonobari mepesi na nafasi nyingi za wazi. Nikaandika: *miti michache*. Mpwa alikuwa mbele akihesabu hatua kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo mama yake alivyomfundisha kuhesabu ngazi.

Juu kuna bendera za Kobayakawa na uwazi upande wa kaskazini. Nilipofika pale nilinyamaza.

Bonde lote lilikuwa miguuni petu. Sasao ile pale. Reli ile pale, na Shinkansen, treni ya kasi, ikapita bila sauti, nyeupe, kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa. Mahali alipotangulia kuweka kambi Ieyasu, Momokubari, pale chini ya bega la Nangu. Na mlima tuliosimama juu yake haukuwa mnara. Ulikuwa mgongo mpana, mrefu, unaoshuka taratibu na kutoa mabega mawili matatu kabla ya kufika kwenye mashamba. Mlima wa mtu kukaa asubuhi nzima na watu wake, wakala, wakajisaidia, wakafunga kamba za viatu, huku wakitazama wenzao wakifa. Mimi nilikuwa nimejenga kilele cha kutazamwa. Huu ni mlima wa kutazamia.

Tulikula pale pale. Shemeji akatufunua macho kuhusu Nangu. Huko kulikuwa na jeshi kubwa la Mori Hidemoto, la upande wa magharibi, nyuma kabisa ya mgongo wa Ieyasu. Wangeshuka, mambo yangekuwa mengine. Lakini Kikkawa Hiroie, ndugu yao aliyekuwa mbele yao njiani, alikuwa amekwisha patana na Ieyasu kwa siri na hakusogea. Wajumbe walipokuja kuuliza kulikoni, masimulizi yanasema Hidemoto alijibu kuwa askari wake wanakula. Wajapani mpaka leo wanauita mkasa huo boksi tupu la chakula. Mpwa wangu alilitazama boksi lake, akalifunika.

Kisha nikatoa rula na ramani, nikapima jambo lililokuwa likinikera. Inasimuliwa kwamba Ieyasu, uvumilivu ulipomwisha, aliamuru bunduki zifyatuliwe kuielekea Matsuo ili Hideaki achague upande. Wanahistoria wa siku hizi wengine wanakitilia shaka kisa hicho. Kutoka kambi ya mbele ya Ieyasu hadi kilele, kwenye meza yetu ni zaidi ya nusu mita. Na mita 100, ambazo kwa bunduki ya gobori ya wakati ule ni mbali, kwenye meza ni sentimita mbili na nusu. Hata wapigaji wangesogezwa mpaka mguuni pa mlima, juu ingefika sauti peke yake, katikati ya sauti nyingine elfu. Sikuwa nimewaza hivyo kabla ya kusimama pale. Wala sidhani ningewaza.

Tuliporudi nilianza upya, na safari hii mpwa alikata matabaka, mimi nikaunga. Tulichagua povu la sentimita moja na nusu, matabaka manne, yaani kimo kimeongezwa nusu tu ya kile cha kweli, kiasi cha jicho kuridhika. Kingo tulizisugua kwa msasa mpaka ngazi zikapotea. Karatasi ya chooni tukaichovya kwenye gundi iliyozimuliwa kwa maji, nusu kwa nusu, tukaitandaza juu kama sanda, tukaikunja kidogo palipo na makorongo. Ikikauka inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Halafu mchanga uliochekechwa, rangi ya maji ya kahawia iliyokolea, na juu yake kahawia hafifu kwa brashi iliyokaribia kukauka, unapitisha juu juu tu ili chembe za mchanga zishike rangi na mabonde yabaki giza. Majani ya chai ya kijani yaliyokwisha pikwa, yakaanikwa, yakawa takataka za chini ya miti. Miti yenyewe tulichana dodoki, tukalipaka rangi, tukalichoma kwenye vijiti.

Mpunga ulitushinda. Nyasi za dukani zilikuwa laini mno na za kijani mno, nasi tulikuwa tumeamua kuwa mashamba yamevunwa, yamebaki mashina. Dada, ambaye muda wote huo kazi yake ilikuwa kutuonya juu ya makapi ya povu ("Yakiingia kwenye tatami zangu mtayaokota moja moja kwa vidole!"), alikwenda kabatini akarudi na kiondo. Mama alimpa alipoolewa. Mkono mmoja ulikuwa umekatika zamani.

"Si katani hii?" alisema. "Chukueni huo mkono. Mwili wa kiondo msiuguse."

Tukaufumua. Nyuzi zilitoka za rangi ya majani makavu, ngumu, zenye harufu ileile ninayoikumbuka kwenye barabara ya Kilifi, unapopita mashamba ya Vipingo na vioo vya matatu viko wazi. Tulizikata urefu wa kucha, tukazipanda kwenye gundi kwa kibano, mstari kwa mstari, jioni tatu. Dada akawa anapita na chai, anasimama, anapanda mistari miwili, anaondoka.

Jumamosi ile wageni walifika saa tatu. Usiku wa kuamkia vita vya kweli mvua ilinyesha, na asubuhi ukungu ulilifunika bonde. Nasi tukatandaza pamba kutoka mlima hadi mlima, ukaona migongo tu ikielea. Mizunguko miwili ya kwanza ilichezwa chini ya pamba. Ilipoondolewa, mmoja wa wale wageni, mzee wa makamo, aliinama akayagusa mashina ya mpunga kwa ncha ya kidole, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni katani, ya kwetu. Akalirudia neno mara mbili, "katani, katani."

Mpwa alikuwa ameomba kuwa Hideaki. Shemeji alimkubalia kwa sharti: asiambie mtu ataangukia wapi. Basi mtoto akapiga magoti nyuma ya meza, akaweka kidevu usawa wa kilele, akabaki vile. Ukita wa magharibi na Fukushima wa mashariki walisagana katikati. Kuroda, naye wa mashariki, akaigonga Sasao akarudishwa. Kila mzunguko baba yake alimwangalia, naye anatikisa kichwa. Mama yake aliita chakula, hakuitika. Nilichungulia nikiwa nyuma yake, jicho langu usawa wa lake, nikaliona bonde kama tulivyoliona siku ile, hata bega lile la kushoto nililolisugua kwa msasa mara tano.

Ilikuwa imepita saa sita. Alinyoosha mkono, akashika vibao vya mbele vilivyobeba samurai wake, akavishusha kumwelekea Otani Yoshitsugu, jemadari wa magharibi aliyekuwa chini akimngoja kwa kuwa hakumwamini tangu mwanzo. Kibao cha kwanza kikakaa ubavuni, akakiachia. Cha pili. Cha tatu. Sote tulikuwa tunatazama miguu yao.

"Mjomba," alisema bila kugeuka, "hawatelezi."